Shahada ya Chuo na Shahada ya Soko

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwake twaomba msaada. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuifuata njia yao kwa wema. Amma baad:

Ndugu zangu Waislamu,

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alitujia katika darsa yetu mzee mmoja wa mji huu, muuza leso na vikoi, na nyuma yake amemfuata kijana wake. Hatutamtaja kwa jina, kwani haja yetu si yeye. Haja yetu ni jambo alilokuja nalo, nalo ni jambo ambalo leo limo katika nyumba nyingi za pwani yetu.

Mzee alipokwisha kusalimu akasema: “Maalim, mimi nimekaa dukani miaka thelathini na sikubahatika kusoma. Kila nikipewa karatasi ya Kiingereza, humtafuta mtu wa kunisomea, na huondoka nimeona haya. Sasa kijana wangu huyu amemaliza kidato cha nne, amepata daraja ya C+, ambayo yatosha kumwingiza chuo kikuu. Nataka akasome digrii ya biashara, miaka minne. Mama yake amekubali kuuza dhahabu zake ili tupate ada na chakula na chumba cha kukaa. Lakini yeye hataki. Ataka kufanya biashara yake sasa hivi, asema biashara haisomwi darasani. Nimekuja mnihukumie: je, mwanangu ameniasi?”

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Alipopewa ruhusa ya kusema, akasema kwa adabu: “Maalim, mimi simwasi baba. Yeye mwenyewe ametulea kwa duka hilo bila ya digrii. Nami nawaona kaka za rafiki zangu wamerudi na digrii zao za biashara, na kila siku wako barazani wangoja kuandikwa kazi na watu. Nachelea dhahabu za mama zitapotea, na miaka minne itapotea pamoja nazo.”

Basi ndugu zangu, kila mmoja wa wawili hawa ana haki katika maneno yake, na kila mmoja amekosa jambo. Usiku ule hatukutoa jawabu. Tulimwomba mzee atupe juma moja, na haya tunayoyaandika ni yale tuliyoyazingatia katika juma hilo, ili apate kufaidika nayo na mwingine aliye na shida kama hiyo.

Jambo la kwanza la kutambua ni hili: watu wamechanganya ilimu na karatasi ya ilimu. Karatasi hiyo twaiita shahada, na neno hili, kama mjuavyo, asili yake ni ushahidi. Mwislamu huingia katika dini kwa shahada, na kadhi hukata hukumu kwa shahada. Basi karatasi itokayo chuo kikuu nayo ni shahidi, imesimama mbele za watu yasema: “Huyu nimemfundisha kadha na kadha, naye ameyajua.” Ikiwa kweli ameyajua, shahidi huyo ni wa kweli na ni wa kuheshimiwa. Ikiwa mwenyewe alihudhuria tu, akanakili kazi za wenziwe, akapita mtihani kisha akasahau, basi amebeba kikuta cha ushahidi wa uongo, na sote twajua uzito wa ushahidi wa uongo katika dini yetu.

Lakini soko nalo lina shahada yake, wala haiandikwi kwenye karatasi. Shahada ya soko hutolewa na mteja aliyenunua kwako akarudi tena. Na mwenye bohari aliyekukopesha bidhaa ukamlipa siku ileile uliyomwahidi. Na jirani wa duka aliyekuachia ufunguo wake akaenda kusali. Hakuna chuo chochote duniani kiwezacho kukupa shahada hiyo kabla hujaipata kwa mikono yako. Na hakuna soko lolote liwezalo kukupa ilimu ya kusoma mkataba na kupiga hesabu ikiwa wewe mwenyewe hukujifunza. Basi suala la mzee yule, kama lifaavyo kuulizwa, si “chuo au soko?” Suala ni: huyu kijana atafuta shahada gani, na ni ilimu ipi aliyo na haja nayo kwa kazi aitakayo?

Tuanze na wale wasemao kwamba mfanyi biashara hana haja ya kusoma. Maneno haya ni ya hatari, khasa kwetu sisi watu wa pwani, kwani tumekwisha kuonja uchungu wake. Palikuwa na zama ambazo wazee wetu wengi waliziogopa shule za serikali na za misheni, kwa kuchelea watoto wao wasije wakaharibiwa dini yao. Khofu yao ilikuwa na sababu. Lakini matokeo yake ni kwamba wengine walisoma wakawa ndio waandikao, na sisi tukawa ndio tuandikiwao. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, alitoa magazeti yake hapa Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaita Waislamu waamke, washike dini yao, na wasiiache ilimu ya zama zao. Miaka karibu mia imepita. Je, twataka kurudi tulikotoka?

Tazama tena dini yenyewe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara. Nayo yahusu nini? Yahusu deni la muda, kwamba liandikwe, na awepo mwandishi mwadilifu, na washuhudie mashahidi, wala watu wasichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Lau biashara ingekuwa ni kazi ya mjinga, Mola wetu asingaliiwekea aya ndefu kuliko zote, na aya hiyo ikawa ni ya kalamu na daftari. Na baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, wako mateka wa Makka waliojikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Waislamu walikuwa na haja kubwa ya mali siku zile, na juu ya hivyo kalamu ilikubaliwa badala ya fedha. Na walimu wao walikuwa ni washirikina! Basi mtu asituambie kwamba kusoma kwa asiyekuwa wa dini yetu ni haramu, wala asituambie kwamba muuza duka haimkhusu kalamu.

Hili ndilo jawabu letu kwa kijana. Na sasa tumgeukie mzee.

Mzee wetu, Mwenyezi Mungu amzidishie kheri, adhani kwamba digrii ya biashara ndiyo mlango wa biashara. Tumwulize: ni nani aliyemfungulia mlango Abdurrahman bin Auf? Alifika Madina mhajiri, ameacha mali yake yote Makka. Ndugu yake katika Uislamu, Saad bin Rabii, akamtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba jambo moja tu, aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda, akanunua na kuuza, akarudi na samli na jibini ya kukausha, na hazikupita siku nyingi ila alikuwa amepata cha kuolea. Huyu hakuwa hajui kitu. Alikuwa mfanyi biashara tangu Makka. Alichokiacha nyuma ni mali, na ujuzi wake alihama nao.

Na katika Sunan ya Abu Daud imesimuliwa khabari ya mtu wa Ansari aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamwuliza ana nini nyumbani kwake. Hakuwa na kitu ila nguo nzito, nusu waitandika na nusu wajifunika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi vitu hivyo, vikafika dirhamu mbili. Akamwambia moja anunue chakula cha watu wake, na ya pili anunue shoka. Mtume akalitia shoka mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwamuru aende akakate kuni na kuuza, wala asionekane kwa siku kumi na tano. Zilipotimia alirudi ana dirhamu kumi, amekwisha nunua nguo na chakula.

Ndugu zangu, itazameni vizuri khabari hii, kwani ndani yake mna darsa nzima ya biashara. Rasilimali ilikuwa ndogo, nayo ilitoka katika mali ya mwenyewe, si mkopo. Chakula cha nyumbani kilitengwa mbali na rasilimali, hata haikuliwa. Kazi ilikuwa moja na ya kujulikana. Muda uliwekwa. Na mwisho palikuwa na kurudi kutoa hesabu. Mtume hakumpa sadaka, wala hakumpa mawaidha peke yake. Alimpa chombo na muda, akamjaribu. Ni wangapi katika sisi waliokwisha kuwajaribu watoto wao hivi kabla ya kuuza viwanja na dhahabu kwa ajili yao?

Huenda mtu akasema: “Hayo ni ya kale. Leo dunia ni nyingine.” Basi na atazame majirani zetu Tanzania, awaone Waislamu wawili ambao khabari zao zajulikana na watu wote. Wa kwanza ni Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1949. Huyu aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akaanza kwa kuuza vyakula vidogo vidogo, kisha akawa na mkahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kisha akaingia katika kusaga unga, mpaka jina la Azam likafika kila duka. Wa pili ni Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida wa mwaka 1975. Huyu alisoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Georgetown, akamaliza mwaka 1998, akarudi akaingia katika kampuni iliyoasisiwa na baba yake, akaikuza ikawa kubwa zaidi.

Mmoja hakufika hata karibu na chuo kikuu. Wa pili alisoma katika kimoja cha vyuo mashuhuri. Wote wawili wakafanikiwa katika biashara. Basi ni lipi lililowakusanya? Lililowakusanya ni kwamba kila mmoja alikuwa na mahali pa kujifunzia kazi yenyewe. Bakhresa alijifunza kwa kuuza kidogo kidogo, akikosea katika mali ndogo. Dewji alikuwa na nyumba ya biashara ya babake, na masomo yake yakajengwa juu ya msingi huo. Lau ungemchukua kijana asiye na duka la kujifunzia, ukampa digrii tupu, hukumfanya Dewji. Na lau ungemchukua kijana asiyependa kuamka alfajiri, ukamtoa shuleni, hukumfanya Bakhresa. Kwa kila mmoja aliyeacha shule akatajirika, wako wengi walioacha shule ambao hakuna aandikaye khabari zao.

Vijana wengine hupenda kumtaja Bill Gates wa Marekani, aliyekiacha Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1975. Ni kweli alikiacha. Lakini alikuwa amekwisha kuishika kazi ya kompyuta tangu shule ya sekondari, na alipotoka chuoni alitoka kuifuata kazi iliyokuwa yamngoja. Hakutoka kisha ndipo akaanza kufikiri afanye nini. Tofauti baina ya mambo haya mawili ni kubwa, na mwenye akili haimpiti.

Sasa tutaje ilimu ambazo mfanyi biashara wa Kiislamu hana budi nazo, akiwa amesoma chuo kikuu au hakusoma. Nazo ni tatu.

Ya kwanza ni ilimu ya halali na haramu katika mauzo. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) amepokewa kwamba alikataza mtu kuuza katika soko la Madina ila awe ameifahamu dini. Kwa nini? Kwa sababu asiyejua, atakula riba bila kujua, na atauza asichokimiliki, na ataficha aibu ya bidhaa akadhani ni ujanja wa biashara. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikatoka na maji. Mwenyewe akasema kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza mbona basi hakuiweka ile mbichi juu watu wakaiona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Leo nafaka ile mbichi iko katika simu iliyofunguliwa ikatengenezwa kisha ikauzwa kuwa mpya, na katika picha nzuri ya nguo isiyofanana na nguo iletwayo. Na Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra, alikuwa ni muuza nguo mjini Kufa kama alivyo mzee wetu huyu. Husimuliwa kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye ila akasahau kumweleza mnunuzi, na Imam akaitoa sadaka thamani yote. Huyo ndiye alimu na ndiye mfanyi biashara, na mambo mawili hayo hayakugombana ndani ya kifua chake. Ilimu hii haipatikani katika darasa la digrii ya biashara kwa wingi wa kutosha. Yapatikana misikitini na katika darsa, bila ya ada, na nyingi ya darsa hizo vijana wetu hawaonekani.

Ya pili ni ilimu ya hesabu na maandishi. Maduka mangapi ya pwani yamekufa na mwenyewe hajui yalikufa siku gani! Pesa za mteja huingia katika simu ileile ambayo kwayo hulipiwa nauli, na maziwa, na mchango wa harusi. Jioni mwenye duka aona simu yake ina pesa akadhani amepata faida, kumbe amekula rasilimali. Aongeza bidhaa kwa deni, na deni haliandiki. Akifa, warithi hawajui nani awadai na nani wamdai. Mtu huyu aliyeiacha aya ya 282 akikosa baraka, amlaumu nani? Lakini ilimu hii haina lazima ya miaka minne ya chuo kikuu. Hesabu ya kutosha duka dogo hufundishika kwa miezi. Na mwenye kutaka kuzama zaidi, iko mitihani ya uhasibu ya Kasneb, bodi iliyoundwa mwaka 1969, ambayo mtu aweza kuisomea jioni na mchana yuko kazini kwake.

Ya tatu ni ujuzi wa kazi yenyewe. Nao hupatikana kwa kukaa mbele ya mjuzi. Babu zetu walipokuwa wakisafiri kwa majahazi, wakienda na kusi na kurudi na kaskazi, kijana hakuwa nahodha kwa kuambiwa. Alianza kwa kuchota maji na kukunja tanga, huku akitazama nyota na kusikiliza wakubwa wake wanavyopatana bei bandarini. Ujuzi huo ulikuwa ni wa kweli ingawa haukuwa na karatasi. Hata leo, muuza nguo hana budi kujua kitambaa kwa kidole chake, na muuza samaki kwa jicho lake, na mwenye kuagiza bidhaa kutoka Dubai au China hana budi kujua ushuru wa bandari kabla hajalipa.

Basi huenda mtu akauliza: “Kwa maneno haya, chuo kikuu hakina kazi kwa mfanyi biashara?” La, hatukusema hivyo. Chuo kikuu ni wajibu kwa mwenye kutaka kazi ambayo haifanyiki ila kwa ilimu yake. Mwenye kutaka kufungua duka la dawa, sheria haimruhusu kuuza dawa za watu ila awe ni mwenye kuzisomea na kusajiliwa, au awe na mtu wa namna hiyo. Na hiyo ndiyo haki, kwani ni roho za watu. Mwenye kutaka kujenga majumba, au kufungua hospitali, au kutengeneza mitambo, huyo na asome mpaka afike mwisho wa ilimu hiyo, na umma wote una haja naye. Tukiwakosa watu hao, sote tutakuwa na dhambi ya kuiacha faradhi ya jamii. Tena chuo kikuu chafaa kwa yule ambaye moyo wake wapenda kusoma na akili yake yaweza, hata akiwa atarudi dukani. Kwani ilimu haimpunguzi mtu.

Na tusidhani kuwa chuo na biashara ni maadui tangu asili. Msikiti na chuo cha Qarawiyyin, mjini Fez, husimuliwa kuwa umejengwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, kwa mali aliyoirithi kwa baba yake mfanyi biashara. Mali ya soko ndiyo iliyojenga chuo. Na hapa Mombasa, taasisi ya Kiislamu ya ufundi iliyojulikana kwa jina la MIOME, iliyopokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 1951, ilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, na Aga Khan, na jamaa ya Mabohora, pamoja na fedha za serikali ya Uingereza. Wakati ule walioiasisi waliona kwamba kijana wa Kiislamu ahitaji ufundi wa mkono. Taasisi hiyo ikawa Politekniki, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Ni jambo la kushukuru. Lakini swali lile lile la 1951 bado liko: kijana wako akitoka pale, mkono wake waweza nini? Na akiwa hakufikia masomo ya digrii, viko vyuo vya ufundi, na iko mitihani ya serikali ya mafundi, daraja ya tatu mpaka ya kwanza. Fundi umeme mwenye daraja yake, mwaminifu, ashikaye ahadi, huyo ana biashara mkononi. Aibu iko wapi? Aibu ni kumdharau fundi, na huku kila siku twamtafuta hatumpati.

Limebaki jambo la mali, nalo ndilo zito kuliko yote. Dhahabu ya mwanamke ni mali yake mwenyewe katika sheria yetu. Mume hana haki nayo, wala mtoto. Akiitoa kwa ridhaa yake ni hisani na atalipwa na Mola wake. Lakini ridhaa si kunyamaza. Mara ngapi mwanamke hunyamaza kwa kuwa ameambiwa “ni kwa ajili ya mwanao”, na moyoni mwake alia? Kadhalika na mkopo. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, kwa miaka mingi imekuwa ikitoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Basi kijana wa Kiislamu asitie sahihi mkopo wowote kabla ya kuusoma na kuwauliza wanavyuoni. Na wenye mali katika mji huu wasikae wakilaumu. Na watoe zaka zao na wakfu zao ziwasomeshe wanaostahiki, kwani mwenye kukataza mlango mmoja yampasa afungue mwingine.

Turudi sasa kwa mzee wetu na kijana wake. Juma lilipotimia walikuja tena, na tukamwuliza mzee swali ambalo hakulitazamia: “Mzee wangu, daftari ya duka lako aiandika nani?” Akasema: “Binti yangu, dada yake huyu. Kila usiku hukaa nayo. Hata sarafu moja haimpotei.” Tukamwuliza: “Naye alipata daraja gani katika mtihani wake?” Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “B+, mwaka wa jana. Yuko nyumbani. Tulisema fedha tumwekee ndugu yake.”

Ndugu zangu, baraza zima lilinyamaza. Nyumba moja ina mtoto asiyetaka chuo kikuu naye asukumwa akiendee, na ina mtoto anayekifaa naye hakuna aliyemwuliza. Je, Bibi Khadija (R.A.) hakuwa mwanamke? Na hakuwa ndiye mwenye mali na misafara, aliyemwajiri Mtume wetu kabla ya utume wake aende Sham na bidhaa zake?

Jawabu letu kwa mzee lilikuwa hivi. Kijana hajakuasi, maadamu amesema kwa adabu na hoja. Usimpeleke chuo kikuu kwa ajili ya haya uliyoyaona wewe ofisini. Uchungu huo ni wako, na dawa yake si kumtia yeye mahali asipopataka. Lakini usimwachilie vivi hivi. Fanya kama alivyofanyiwa mwenye shoka. Kutoka mtihani wa kidato cha nne mpaka vyuo vikuu vifungue pana miezi mingi. Mweke kwa mfanyi biashara mwingine, si kwako, ili asione haya kukemewa. Mpe rasilimali ndogo ambayo ikipotea nyumba haitaanguka. Aandike kila senti. Ahudhurie darsa ya mauzo kila juma. Muda ukitimia, aje na daftari yake mbele yako na mbele yetu. Ikiwa amesimama, msaidie. Ikiwa ameona mwenyewe kwamba kuna ilimu imempungukia, yeye ndiye atakayekuomba umsomeshe, na siku hiyo kila senti ya ada itakuwa imewekwa mahali pake. Na binti yako, mwulize leo hii ataka kusoma nini. Na dhahabu, mwulize mwenyewe, mko wawili peke yenu, na umwambie kuwa akikataa hakuna lawama.

Mzee alikaa kitambo, akamtazama kijana wake, akasema: “Umesikia? Kesho baada ya Alfajiri.” Kijana akasema: “Nimesikia, baba.” Wakaondoka pamoja.

Hatujui mwisho wao utakuwaje. Ghaibu aijua Mwenyezi Mungu. Lakini wewe usomaye maneno haya, ikiwa una kijana nyumbani, usingoje mpaka siku ya kulipa ada ndipo uanze kumjua. Muulize atakacho, mjaribu kwa kidogo, mfundishe halali na haramu, mpe kalamu, na mtafutie mwalimu wa kazi yake. Kisha akienda chuo kikuu aende kwa ilimu, na akienda sokoni aende kwa ilimu.

Ewe Mola wetu, turuzuku ilimu yenye kunufaisha, na riziki iliyo halali, na watoto walio wema. Uwatie nuru wazee wetu, na uwatie subira vijana wetu, na utujaalie tuwe mashahidi wa kweli chuoni na sokoni. Amin.

Wabillahi tawfiq.